Jiko bovu Chole: Utengeneze mwenyewe au uvuke maji kwa fundi?

JIKO la nyumbani linapoharibika katika kisiwa cha Chole, wilayani Mafia, mwenye nyumba hujikuta mbele ya njia tatu: kulitengeneza mwenyewe, kuvuka nalo maji kumtafuta fundi, au kulitupa na kununua jingine. Mara nyingi uamuzi hufanywa kwa kuangalia bei moja tu, nayo ni ile anayoitaja fundi. Kwa mkazi wa kisiwani, bei hiyo huenda ikawa ndiyo ndogo kuliko zote.

Suala hili si dogo kibiashara. Kwa familia ya kawaida jiko ni chombo cha matumizi, lakini kwa mama anayechoma vitumbua asubuhi, kwa muuza chai na kwa mwenye mgahawa mdogo wa kulisha wageni wanaovuka kutoka Utende, jiko ni mtaji. Likizimika siku moja, mapato ya siku hiyo hayarudi tena. Ndiyo maana uamuzi wa kutengeneza au kutotengeneza unastahili hesabu kama ile ya mashine yoyote ya uzalishaji.

Soko liko ng'ambo

Chole ilikuwa mji wa biashara kabla ya Kilindoni. Wajerumani waliweka hapo makao yao ya utawala wa Mafia, na ni mwaka 1913 tu walipoyahamishia Kilindoni. Majengo ya zamani yakabaki magofu yaliyokumbatiwa na mizizi ya miti, na shughuli nyingi za soko zikafuata ofisi.

Matokeo yake hadi leo ni kwamba anayetaka kipuri huvuka kwa mashua hadi Utende, kisha husafiri kilomita zipatazo 15 kwa barabara hadi Kilindoni, ambako mizigo ya bara hushushwa. Safari yenyewe hutegemea maji kupwa na kujaa. Anayekosa maji ya asubuhi hungoja, na anayechelewa kurudi huenda akalala ng'ambo. Kwa hiyo umbali wa kwenda kwa fundi haupimwi kwa kilomita peke yake. Hupimwa pia kwa saa za kusubiri na kwa kazi iliyolala nyumbani.

Bei halisi ya fundi

Tuchukue mfano. Tarakimu zifuatazo si bei za soko la wiki hii. Ni za kuonyesha namna ya kukokotoa tu, na kila msomaji anaweza kuziondoa na kuweka zake.

Tuseme muuza vitumbua wa Chole ana jiko linalohitaji kipuri cha Sh 6,000, na fundi anataka Sh 5,000 za ufundi. Nauli ya mashua kwenda na kurudi ni Sh 4,000. Usafiri wa Utende hadi Kilindoni na kurudi ni Sh 8,000. Faida ya siku moja ambayo hakufanya biashara ni Sh 10,000. Jumla ni Sh 33,000. Katika fedha hizo fundi anapata asilimia 15 tu.

Wengi huhesabu kipuri na ufundi, yaani Sh 11,000, na kusema wametengeneza jiko kwa Sh 11,000. Zile Sh 22,000 zilizobaki hazionekani kwa sababu zimetoka kidogo kidogo, na zile Sh 10,000 za faida hazikutoka mfukoni kabisa, bali hazikuingia. Wachumi huiita hali hii gharama ya fursa: kile unachokikosa kwa kuwa muda wako umekwenda kwingine.

Sasa tuseme mama huyo huyo anaamua kulitengeneza mwenyewe. Anamwagiza jirani anayekwenda Kilindoni amletee kipuri cha Sh 6,000, anampa Sh 1,000 za soda, na anatumia saa chache za jioni ambazo anazithamini kwa Sh 2,000. Jumla ni Sh 9,000. Ameokoa Sh 24,000.

Hata hivyo, hesabu hiyo inadhani kwamba atafaulu. Asipofaulu, atakuwa ametumia Sh 9,000 na bado atalazimika kwenda kwa fundi kwa Sh 33,000. Kama katika kila majaribio matatu anaharibu moja, aongeze theluthi ya Sh 33,000 kwenye gharama yake, yaani Sh 11,000. Gharama ya kujitengenezea inakuwa Sh 20,000. Bado ni nafuu. Akiharibu mara mbili katika tatu, gharama inafika Sh 31,000, na nafuu iliyobaki ni Sh 2,000 tu.

Fundisho la hesabu hii ni kwamba mtu wa kisiwani ana sababu nzuri ya kujifunza ufundi wa jiko lake hata kama mkono wake si mwepesi sana. Mtu wa Kariakoo, ambaye fundi yuko mtaa wa pili, hana sababu hiyo. Safari ndiyo inayofanya ujuzi wa nyumbani uwe na thamani.

Lakini hapo hapo pana mtego. Kwa kuwa safari ni ghali, mkazi wa Chole hushawishika kujitengenezea hata kile ambacho hakipaswi kuguswa na mkono usio na ujuzi. Kwa sababu hiyo, kabla ya kushika kalamu, jiko ligawanywe kwanza katika sehemu mbili: sehemu ambayo ikiharibika zaidi hasara ni ya fedha, na sehemu ambayo ikiharibika hasara ni nyumba na watu waliomo.

Wenye vyombo wanalijua hili

Mgawanyo huu si mgeni kwa Chole, kisiwa kinachojulikana kwa mafundi wake wa mashua na majahazi. Mwenye chombo hakiti fundi kwa kila kazi. Kusugua chombo kilichopwelea na kupaka deheni au sifa ni kazi anayoweza kuifanya mwenyewe na wanawe. Lakini ubao ulio karibu na mkuku ukioza, humwita fundi, kwa sababu kosa la hapo halionekani pwani. Huonekana chombo kikiwa katikati ya maji.

Jiko nalo lina deheni yake na lina mkuku wake. Tofauti ni kwamba kila aina ya jiko ina mkuku mahali pake.

Jiko la mkaa

Jiko la mkaa lenye udongo ndani ndilo rahisi kuliko yote kutengenezwa nyumbani. Magonjwa yake makubwa ni mawili: bati kuliwa na kutu, jambo linaloharakishwa na hewa ya chumvi, na udongo wa ndani kupasuka hadi kumeguka.

Ufa mwembamba katika udongo si sababu ya kulitupa jiko. Unaweza kuzibwa kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu yaliyochekechwa, ukaachwa ukauke kivulini kwa siku kadhaa, kisha jiko likawashwa kwa moto mdogo kabla ya kurudishwa kazini. Anayewasha moto mkali siku hiyo hiyo hupasua alichokiziba, kwa sababu maji yaliyomo ndani ya udongo hugeuka mvuke na kutafuta njia ya kutokea.

Hatari ya kifedha katika jiko hili ni kuchelewa. Jiko lililomeguka udongo bado linapika, na kwa hiyo mwenye nyumba hudhani halimgharimu kitu. Sivyo. Majaribio ya jiko la udongo lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980 yalionyesha kuwa, likitumika vizuri, linaweza kupunguza mkaa kwa asilimia 30 hadi 50 likilinganishwa na jiko la bati tupu. Udongo ukianguka, nafuu hiyo inaanguka nao.

Tuseme tena kwa mfano: nyumba inayotumia mkaa wa Sh 1,400 kwa siku katika jiko zima itahitaji Sh 2,000 katika jiko lililobaki bati, hata tukichukua ile nafuu ya chini ya asilimia 30. Tofauti ni Sh 600 kwa siku, au Sh 18,000 kwa mwezi. Anayesema "nitalitengeneza mwezi ujao" tayari analipa, ila anamlipa muuza mkaa badala ya fundi.

Jambo moja halina hesabu: kuhamishia jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa wakati wa mvua au upepo wa kusi. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Hakuna ukarabati wa jiko unaoondoa hatari hiyo.

Jiko la mafuta ya taa

Katika jiko la tambi, kazi nyingi za kawaida zinafaa kufanywa nyumbani. Tambi zilizoungua na kufupika hubadilishwa, zikalinganishwa urefu, na masizi yakasuguliwa. Moto mwekundu wenye moshi mara nyingi ni dalili ya tambi zisizolingana au jiko chafu, si ya jiko lililokufa. Kazi hiyo ifanywe jiko likiwa baridi na tangi likiwa tupu.

Mkuku wa jiko hili ni tangi. Tangi linalovuja lisilehemiwe nyumbani hata kama limemwagwa mafuta yote, kwa sababu mvuke wa mafuta uliobaki ndani unaweza kulipuka ukikutana na moto wa kulehemu. Aidha, jiko ambalo moto wake unaruka ghafla bila sababu lizimwe na mafuta yake yachunguzwe. Uchakachuaji unajulikana nchini: mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakiyachanganya na dizeli ili kuvuna tofauti ya bei. Hatari zaidi kwa mpishi ni mafuta ya taa yaliyochanganyika na petroli, hata kama ni kwa bahati mbaya, kupitia dumu au chupa iliyokuwa na petroli ya mashine ya boti. Katika kisiwa chenye boti nyingi, dumu la jiko na dumu la mashine yasibadilishane kazi.

Jiko la gesi

Matumizi ya gesi yanasukumwa kwa nguvu hivi sasa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kadiri mitungi inavyozidi kuingia visiwani, ndivyo swali la nani anayeitengeneza linavyozidi kuwa zito.

Zipo kazi ambazo mwenye jiko anaweza kuzifanya. Kichwa cha jiko, kile chenye matundu ya moto, huziba kwa wali na uji uliomwagika. Kinaweza kuvuliwa baada ya mtungi kufungwa, kikasuguliwa kwa brashi, kikakaushwa kabisa na kurudishwa. Moto wa gesi ulio sawa ni wa bluu. Ukiwa wa njano na kupaka sufuria masizi, mara nyingi hewa haichanganyiki vizuri na gesi, na usafi unaweza kutosha kuurekebisha. Lakini lile tundu dogo la shaba linalotoa gesi lisipanuliwe kwa sindano au msumari. Limetobolewa kwa kipimo, na likipanuka gesi inayotoka inazidi ile ambayo jiko limetengenezwa kuichoma.

Mpira wa gesi uliokakamaa au wenye nyufa hubadilishwa wote, ukafungwa kwa kibano chake. Kuuzungushia utepe wa gundi au mpira wa baiskeli si ukarabati. Kila baada ya kufungua na kufunga, maungio yapakwe povu la sabuni. Povu likivimba, gesi inavuja. Kipimo hicho kinagharimu kipande cha sabuni, na hakuna sababu ya kutumia kiberiti badala yake.

Mkuku wa jiko la gesi ni vali ya mtungi na regyuleta. Hivi havifunguliwi. Regyuleta mbovu hutupwa na kununuliwa nyingine inayolingana na mtungi. Mtungi unaovuja kwenye vali hufungwa, hutolewa nje mahali pa wazi mbali na moto, kisha hurudishwa kwa wakala. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Haipandi ikatoka juu kwenye paa, bali hutambaa sakafuni na kukaa mabondeni na kwenye pembe, ikisubiri cheche. Harufu yake kali imetiwa makusudi ili mtu aisikie mapema. Anayeisikia asiwashe taa wala kiberiti: afunge mtungi, afungue milango na atoe watu nje.

Hapa ndipo ile hesabu ya Sh 9,000 dhidi ya Sh 33,000 inapokoma. Katika nyumba ya makuti, na upepo ukivuma, moto hauishii jikoni wala hauishii kwa mwenye jiko. Gari la zimamoto halivuki mkondo. Hakuna namba ya hasara inayoweza kuwekwa kwenye jedwali ikailinganisha na nauli ya Kilindoni, hata kama nafasi ya ajali ni moja katika mia.

Kutengeneza au kununua jipya?

Swali la pili ni kama jiko lenyewe bado linastahili fedha. Njia nyepesi ni kugawa gharama kwa miezi. Kama ukarabati wa Sh 33,000 utaliwezesha jiko chakavu kuishi miezi sita zaidi, kila mwezi unagharimu Sh 5,500. Kama jiko jipya la Sh 72,000 litadumu miaka miwili, kila mwezi unagharimu Sh 3,000. Jipya ni rahisi kuliko kuukuu, ingawa linahitaji fedha nyingi kwa mkupuo.

Kwa kujitengenezea, picha hubadilika. Ukarabati ule ule kwa Sh 9,000 unagharimu Sh 1,500 kwa mwezi, na jiko kuukuu linashinda. Hivyo jiko moja linaweza kuwa la kutupwa kwa mtu asiyejua kulitengeneza, na la kutunzwa kwa jirani yake anayejua.

Fedha zilizokwisha tumika huko nyuma zisiingizwe kwenye hesabu hii. Wapo wanaosema "nimeshalitengeneza mara tatu, siwezi kuliacha sasa." Shilingi za mara tatu zilizopita hazirudi, iwe jiko litabaki au litatupwa. Kinachohesabiwa ni cha kuanzia leo. Na jiko jipya lenye dhamana lisifunguliwe na mwenyewe kabla ya kusoma masharti, kwani dhamana nyingi hufutika pale kifaa kinapofunguliwa na mtu asiyeidhinishwa.

Kugawana safari

Ipo njia ya nne ambayo wengi hawaihesabu. Kama nauli ndiyo mzigo mkubwa, basi igawanywe. Katika mfano wetu, mashua na usafiri wa barabara ni Sh 12,000. Nyumba sita zikikusanya majiko yao na kumtuma mtu mmoja, kila nyumba inabeba Sh 2,000 badala ya Sh 12,000, na watano kati yao hawapotezi siku ya kazi. Au fundi aletwe Chole siku moja, akute majiko yamepangwa. Hata akilipwa zaidi kwa kuvuka, kila jiko litakuwa limetengenezwa kwa bei ndogo kuliko kama lingepelekwa peke yake. Majiko ya mafuta yavuke matangi yakiwa tupu, na mitungi isifungwe pamoja na abiria katika mashua iliyojaa.

Vivyo hivyo, tambi za akiba, mpira mmoja wa gesi na vibano vyake vikiwekwa nyumbani vinafunga fedha kidogo, lakini vinazuia siku nzima ya biashara kupotea. Mwenye duka hujua kwamba bidhaa iliyokaa rafuni ni fedha iliyolala. Kwa kipuri cha jiko la biashara kisiwani, fedha hiyo hailali. Iko zamu.

Kijana wa Chole aliyejifunza kazi hii kwa fundi halisi, hasa upande wa gesi, naye ana soko mbele yake. Hatahitaji kushindana na fundi wa Kilindoni kwa bei ya ufundi. Anaweza hata kutoza mara mbili ya zile Sh 5,000, yaani Sh 10,000, na pamoja na kipuri cha Sh 6,000 mteja atalipa Sh 16,000 badala ya Sh 33,000.

Kwa mwenye jiko, utaratibu ni huu: kwanza auulize mkuku uko wapi. Kama kasoro iko kwenye vali, regyuleta au tangi la mafuta, hesabu isifanyike, chombo kitolewe kazini. Kama kasoro iko kwingine, aandike gharama zote za safari pamoja na siku ya kazi, azilinganishe na kipuri na uwezo wa mkono wake, kisha agawe kwa miezi ambayo jiko litaishi. Na akishaamua kutengeneza, afanye wiki hii, kwa sababu mkaa unaopotea haungoji mwisho wa mwezi.